Santuri Hii Isitupwe, Ijapokuwa Maneno Yake Yalibadilishwa

Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Nimeikumbuka methali hiyo kwa sababu ya santuri moja iliyotolewa Marekani mwaka 1967 na kampuni ya Everest. Si santuri ya taarabu wala ya kasida, na lugha inayoimbwa ndani yake ni Kirusi. Ni Simfonia ya 13 ya mtunzi Dmitri Shostakovich, iliyorekodiwa mjini Moscow mbele ya wasikilizaji mwezi Novemba 1965. Aliyeongoza okestra ni Kirill Kondrashin, na mwimbaji ni Vitaly Gromadsky, mtu wa sauti nzito. Siku hizi si rahisi kuipata ila kwa wale wanaokusanya santuri kuukuu.

Yuko atakayesema kwamba hata huyo anayeikusanya anajisumbua bure. Maneno yake yalibadilishwa kwa shinikizo la wakubwa wa serikali, na yale ya asili yamekwisha kurudishwa na yanaimbwa waziwazi leo. Basi ya nini kuhifadhi kitu kilichotiwa mkono? Mimi nina rai nyingine. Naona kwamba santuri hii yenye maneno yaliyobadilishwa ni shahidi mkubwa, na pengine ni shahidi mkubwa kuliko ile iliyo kamili. Msomaji na anivumilie nimweleze sababu, kwani kisa chenyewe ni kirefu, na sisi Waislamu wa pwani tuna fungu letu ndani yake.

Simfonia ni muziki mrefu unaotungiwa okestra kubwa yenye fidla, zumari, tarumbeta na ngoma. Aghalabu hauna maneno. Lakini hii ya 13 ina maneno tangu mwanzo hadi mwisho. Ina sehemu tano, huchukua muda wa saa moja hivi, na huimbwa na mtu mmoja pamoja na kundi la wanaume wenye sauti nzito. Mashairi yake ni ya Yevgeny Yevtushenko, aliyekuwa kijana wa miaka thelathini hivi wakati ule. Sehemu ya kwanza inaitwa Babi Yar, na kwa jina hilo simfonia nzima imejulikana.

Babi Yar ni korongo katika mji wa Kyiv, ambao zamani vitabu viliuandika Kiev. Jeshi la Ujerumani ya Hitler liliuteka mji huo mwezi Septemba 1941. Tarehe 29 na 30 za mwezi ule, Wayahudi wa mji waliamriwa wakusanyike, wakapelekwa kwenye lile korongo, wakavuliwa nguo na kupigwa risasi: wanaume, wanawake, vikongwe na watoto wachanga. Taarifa za Wajerumani wenyewe zilihesabu watu 33,771 kwa siku hizo mbili tu. Baadaye waliuawa hapo wengine wengi: wafungwa wa kivita, watu wa kabila la Waroma, na wenyeji wa Kyiv. Jumla yao hukadiriwa kuwa watu kama 100,000.

Mwaka 1943, walipoona kwamba wanashindwa, wauaji waliwalazimisha wafungwa kufukua maiti na kuzichoma ili ushahidi upotee. Huko ndiko kuficha kwa mara ya kwanza, na kwa muuaji si ajabu. La ajabu ni kuficha kwa mara ya pili, kwani walioficha mara hii ni wale waliomshinda muuaji. Baada ya vita serikali ya Kisovieti haikutaka kusema kwamba watu wale waliuawa kwa sababu ya Uyahudi wao. Walitajwa kuwa ni raia wa Kisovieti tu, basi. Korongo lenyewe likaanza kujazwa tope la kiwanda cha matofali. Tarehe 13 Machi 1961 ukingo uliozuia tope hilo ulipasuka, tope likateremka na kuufunika mtaa wa Kurenivka. Hesabu rasmi ilitaja wafu 145, na wengi wanaamini kwamba walikuwa zaidi sana. Ardhi iliyokatazwa kusema ilikuwa imesema kwa namna yake.

Mwezi Agosti mwaka huohuo Yevtushenko alifika pale akakuta hapana hata jiwe la ukumbusho. Akaandika shairi, nalo likachapishwa Moscow tarehe 19 Septemba 1961 katika gazeti la Literaturnaya Gazeta. Katika shairi lile yeye, Mrusi asiye na damu ya Kiyahudi, alijiweka mahali pa Myahudi aliyeteswa tangu zama za kale, kisha akajiweka mahali pa kila mzee na kila mtoto aliyepigwa risasi pale korongoni. Tena hakuwalaumu Wajerumani peke yao. Aliwashutumu na wale wa nchi yake mwenyewe wenye chuki hiyohiyo.

Shostakovich alilisoma shairi akalitungia muziki, kisha akaongeza mashairi mengine manne ya mshairi yuleyule. Msomaji asidhani kuwa mtunzi huyu alikuwa mtu asiyejua hofu. Mara mbili, mwaka 1936 na mwaka 1948, alishambuliwa na chama tawala kwa ajili ya muziki wake, katika zama ambazo kushambuliwa hivyo kuliweza kumfikisha mtu gerezani au kaburini. Mwaka 1960 aliingia katika chama hichohicho. Alikuwa mtu aliyeumwa na nyoka, na huyo, kama tujuavyo, akiona ung'ongo hushituka.

Siku ya kupigwa simfonia hiyo kwa mara ya kwanza ilikuwa tarehe 18 Desemba 1962, katika Ukumbi Mkuu wa chuo cha muziki cha Moscow. Yevgeny Mravinsky, kiongozi wa okestra aliyezipiga simfonia nyingi za Shostakovich kwa mara ya kwanza, alikuwa amekataa kuishika kazi hii, na Kondrashin akaipokea. Mwimbaji mashuhuri wa Ukraine, Boris Gmyrya, naye alikuwa amekataa. Mwimbaji wa pili, Viktor Nechipailo, aliondoka siku ileile kwa kuwa alitakiwa aimbe usiku huo katika Jumba la Bolshoi mahali pa mwenzake. Akabaki Gromadsky, aliyekuwa amejifunza kazi hiyo kama mtu wa akiba. Katikati ya mazoezi Kondrashin aliitwa kwenye simu. Aliyepiga ni waziri wa utamaduni. Alimwuliza hali yake, kisha akamwuliza kama simfonia ile haiwezi kupigwa bila ya sehemu ya kwanza. Kondrashin akajibu kwamba haiwezekani. Usiku ule ikapigwa nzima, na watu wakaishangilia kwa nguvu.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Shairi lilitakiwa libadilishwe, la sivyo simfonia isipigwe tena. Mwanzoni mwa mwaka 1963 Yevtushenko aliandika mistari minane mipya ya kuwekwa badala ya minane ya asili. Pale alipojiona kuwa ni Myahudi, sasa aliimba kuwa amesimama kwenye chemchemi ya imani ya udugu, na kwamba Warusi na Waukraine wamelala pale pamoja na Wayahudi katika ardhi moja. Pale alipokuwa kila mzee na kila mtoto aliyeuawa, sasa aliuwaza ushujaa wa Urusi iliyouzuia ufashisti kwa mwili wake. Maneno hayo ndiyo anayoyaimba Gromadsky katika santuri ya Everest.

Hapa ndipo nataka tutulie. Yatazame maneno yale mapya vizuri. Je, ni ya uongo? Hapana! Kweli Warusi na Waukraine waliuawa Babi Yar. Kweli Urusi ilitoa mamilioni ya watu wake kumshinda Hitler. Hakuna mstari hata mmoja katika ile minane ambao mtu angeweza kuukanusha mbele ya kadhi. Na hilo ndilo somo. Mficha ukweli hodari hasemi uongo mtupu, kwa kuwa uongo mtupu hushikwa upesi. Huchukua kweli moja akaitandika juu ya kweli nyingine, mithili ya mtu atandikaye mkeka mzuri juu ya sakafu yenye damu. Ukimwuliza, hukuonyesha mkeka, naye hasemi uongo.

Mtunzi alifanya nini? Alikubali maneno mapya yaimbwe, lakini hakuibadilisha hata noti moja ya muziki wake. Kwa hiyo, katika santuri hii, ulimi wa Gromadsky unasema jambo moja na okestra inasema jingine. Muziki uliotungiwa kilio cha mtu anayejiona ameuawa pamoja na waliouawa umebaki vilevile, na juu yake yamepachikwa maneno ya sifa za taifa. Mwenye kuyajua maneno ya asili akisikiliza ataona kiraka kilivyoshonwa. Hata asiyejua Kirusi, akisikia kengele ikigonga na sauti zile nzito zikijikokota, ataelewa kuwa hii ni sauti ya maziko.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Sehemu ya nne ya simfonia inaitwa Hofu, na shairi lake Yevtushenko aliliandika makusudi kwa ajili ya kazi hii. Linasema kwamba zile hofu za zamani zinakufa nchini Urusi: hofu ya mlango kugongwa usiku, hofu ya kusengenywa, hofu ya kusema na mgeni na hata ya kusema na mke wako. Hebu fikiri, msomaji! Katika santuri moja, mwimbaji yuleyule anaimba kwamba hofu imekufa, hali ya kuwa dakika chache nyuma ameimba mistari minane iliyowekwa pale na hofu. Hakuna mwandishi wa historia awezaye kuandika ushahidi wa namna hiyo. Santuri inajikana yenyewe. Mficha maradhi amefichuliwa na kilio chake.

Ndiyo maana nasema isitupwe. Maneno ya asili tunayo. Rostropovich, mpigaji selo mashuhuri, aliyapeleka nje ya Urusi maandishi ya simfonia hiyo, na mwezi Januari 1970 Eugene Ormandy aliipiga Marekani na okestra ya Philadelphia, wakatoa santuri. Miaka ya 1990, baada ya dola ya Kisovieti kuvunjika, hata kanda ya Desemba 1962, yenye sauti ya Gromadsky kabla ya kubadilishiwa maneno, ilitolewa. Anayezisikiliza hizo anaujua ukweli. Lakini anayeisikiliza na ile ya Everest anaujua ukweli na anajua pia namna ulivyofichwa. Elimu hizo ni mbili, na ya pili ndiyo inayomsaidia mtu asidanganywe kesho.

Sasa nayageukia maswali ambayo najua yamo nyoyoni mwa wasomaji wengi wa huku kwetu. Wako watakaosema kwamba muziki wenyewe haufai. Katika hilo masheikh wana kauli zao nami siingii. Mimi naongea habari ya ushahidi. Lakini liko swali zito zaidi. Mtu atasema: wewe unatutaka tuwalilie Wayahudi wa Kyiv, je, na Wapalestina wanaouawa na kufukuzwa makwao? Nani anayewalilia?

Swali hilo ni la haki, wala mwenye kuuliza asikemewe. Jibu langu ni hili. Mtoto aliyepigwa risasi Babi Yar mwaka 1941 hakumfukuza mtu nyumbani kwake. Damu yake haiwi halali kwa jambo lililofanywa na wengine baada yake, wala dhuluma ya mwaka 1941 haimhalalishii mtu yeyote dhuluma ya leo. Dini yetu imetufundisha kwamba anayeiua nafsi moja bila ya haki ni kama aliyewaua watu wote, na kwamba tusimame na ushahidi wa kweli hata ukiwa juu ya nafsi zetu au juu ya wazazi wetu. Ushahidi wa namna hiyo haugawanywi kwa kabila. Mtu anayewalilia wafu wa upande mmoja tu, huyo halilii wafu, anahesabu kura. Na sisi tunaotaka ulimwengu uwataje Wapalestina kwa jina lao, wala usiwaite watu tu waliokufa katika machafuko, ndio tunaopaswa kuelewa kuliko wengine uchungu wa Myahudi wa Kyiv aliyenyimwa jina lake kaburini.

Tena msomaji akumbuke kwamba mkono uliolifunika korongo lile haukuwafunika Wayahudi peke yao. Tarehe 18 Mei 1944 serikali hiyohiyo ilianza kuwang'oa Watatari wa Krimea, ndugu zetu Waislamu, wakiwa karibu watu 200,000. Waliingizwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Asia ya Kati na kwingineko, na wengi walikufa njiani na katika miaka ya mwanzo ya uhamisho. Mwezi Februari mwaka huohuo Wachecheni na Waingushi walikwisha kufanywa vivyo hivyo. Kwa miaka mingi habari zao nazo hazikutakiwa kusemwa. Anayezoea kufunika kaburi la jirani hachelewi kufika kwako na sepetu yake.

Na isidhaniwe kwamba sisi si watu wa simfonia hii. Katika sehemu ya pili, iitwayo Kichekesho, miongoni mwa wanaotajwa ni Hodja Nasreddin, yule mcheshi wa nchi za Kiislamu ambaye vichekesho vyake tumevijua huku kwetu katika hadithi za Abunuwasi. Shairi linamsifu kwa jinsi alivyoyaangusha mambo ya kipuuzi kwa mzaha, kama mtu anavyoangusha kete za sataranji. Sehemu ya tatu inawataja wanawake wa Urusi wanaosimama katika foleni ya duka, baridi ikiwauma, nao wameshika fedha walizozitolea jasho. Mshairi anasema ni aibu kuwapunja chenji, na ni dhambi kuwapunja mizani. Yupi katika sisi aliyekaa chuoni asiyejua onyo walilopewa wenye kupunja vipimo? Sehemu ya mwisho inamsifu Galileo, na kumkumbusha mwanachuoni mwengine wa zama zake aliyejua vilevile kwamba dunia inazunguka, lakini akanyamaza kwa kuwa alikuwa na watoto wa kulisha.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonifanya nisiwe mwepesi wa kuwahukumu watu wa kisa hiki. Aliyekataa kuiongoza, na aliyeondoka siku ya kuimba, kila mmoja alikuwa na jamaa zake na hofu yake. Yevtushenko mwenyewe alitoa mistari minane ili mingine mingi iokoke. Shostakovich alikubali. Je, walifanya vizuri? Kama wangekataa katakata, huenda kazi ile ingefungiwa sandukuni kwa miaka mingi. Kwa kukubali, waliisalimisha sauti na kuiachilia aibu ndani yake. Siwaiti mashujaa, wala siwaiti waoga. Nawaita watu waliobanwa. Kondrashin aliendelea kuipiga kila alipopata nafasi. Mwezi Desemba 1978 aliomba hifadhi Uholanzi, na mwaka 1981 alifariki mjini Amsterdam. Hata ukumbusho uliojengwa Babi Yar mwaka 1976 haukuwataja Wayahudi. Mshairi alifariki mwaka 2017 huko Marekani, akiwa amekwisha kusikia maneno yake ya asili yakiimbwa sehemu nyingi za ulimwengu.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema juu ya sahani moja nyeusi inayokwaruza. Watu hupenda kuhifadhi kilicho safi na kukitupa kilichotiwa doa. Kwa nguo, hiyo ni desturi njema. Kwa ushahidi, ni hasara. Barua iliyofutwa kwa wino, picha iliyokatwa mtu, santuri iliyobadilishwa maneno, vyote hivyo vinatuonyesha mahali hasa mkono ulipopita, na mkono haupiti ila pale penye jambo. Anayeipata santuri hii ya Everest na aiweke vizuri kando ya ile ya kweli, aisikilize moja baada ya nyingine. Na msomaji ambaye chini ya kitanda cha marehemu baba yake kuna kasha la santuri au kanda kuukuu, asikilize kwanza kabla ya kuiita takataka. Hajui ni nani aliyemo humo, anayengoja kutoa ushahidi wake.